Banda la Milango Miwili

Siku ya nne baada ya kumzika Somoe, watu wa matanga wakiwa wameshakunja mikeka na kwenda zao, kaka yangu Hamisi alinikuta nimekaa uani kwake Chuno. Akasimama mbele yangu na futikamba mkononi. "Zuhura," akaniambia, "hili banda la kuku limeoza. Nataka kulijenga upya kabla ya mvua. Sakafu tuweke nini, na mlango uangalie wapi?" Aliuliza kama mtu anayeuliza chai iwe na sukari au isiwe nayo. Marehemu alikuwa mkewe, na kwangu alikuwa wifi, na maswali hayo mawili, la sakafu na la mlango, ndiyo yaliyotufanya mimi naye tuwe maadui kwa mwaka mzima tukiwa chini ya paa moja. Nilisafiri siku mbili kuja kwenye msiba wake. Nililia kama wengine. Lakini nilipolitazama banda lile, upande mmoja umeinama, bati limekula kutu mpaka linapitisha jua, sikusikia huzuni. Nilisikia hasira ile ile ya zamani ikinyoosha miguu kama haijawahi kulala.

Nina miaka arobaini na minne. Nimekaa Tunduru, Songea na Tanga, nikakaa miaka miwili ng'ambo ya Ruvuma nikiuza vitenge, na hakuna nyumba niliyodumu nayo zaidi ya miaka mitatu. Watu huniuliza natafuta nini. Huwa nawajibu kwa mzaha kwamba natafuta nyumba ambayo milango yake inafunguka vizuri, nao hucheka, hawajui kuwa nasema kweli. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yalikuwa yametoka: daraja la nne, alama zisizompeleka mtu popote, isipokuwa C moja ya somo la Kilimo ambayo ndiyo pekee niliyoweza kuitaja mbele za watu. Nikaja kwa Hamisi na mabegi mawili. Nikapewa chumba cha uani, kile chenye dirisha dogo lililotazama jiko, kilichokuwa kikihifadhi magunia ya korosho na bado kilinuka salfa ya kupulizia mikorosho. Kila nilipojigeuza kitandani harufu ile iliamka.

Dirisha lile ndilo lililonifundisha kwamba sitakiwi. Somoe alikuwa akikuna nazi jikoni na jirani yake, Bi Asumini, na sauti zao ziliniingilia chumbani kama vile nimekaa nao. "Huyu binti ataondoka lini?" aliuliza Bi Asumini siku ya pili tu. "Ataondoka aende wapi? Kafeli," Somoe akajibu, mbuzi ya nazi ikiendelea kukwaruza. "Laiti ningejua, ningemwombea afaulu." Wakacheka wote wawili. Mchana huo alinipakulia ugali wa muhogo na kisamvu, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa kama chumvi imetosha. Nikamwambia imezidi. Haikuwa imezidi.

Hamisi alikuwa dereva wa malori, na mwaka ule alichukuliwa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara upande wa Tunduru. Alikuwa akija nyumbani mara moja kwa miezi kadhaa. Kabla ya kuondoka aliacha mifuko minne ya saruji, rundo la mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, mabati matano na mlango mmoja mzito wa mkongo uliong'olewa kwenye nyumba iliyovunjwa. "Jengeni banda la kuku," alisema akiwa tayari amepanda lori. "Mtaelewana wenyewe." Wanaume husema neno hilo wakiwa wanaondoka.

Kuku waliokuwepo walikuwa saba, wa kienyeji, na walikuwa wa Somoe. Aliwaleta kutoka Kitaya, kando ya Ruvuma, ndani ya tenga juu ya lori, baada ya arobaini ya mama yake. Wazee wake walivuka mto kutoka Msumbiji zamani, wakalima mpunga na kufuga kuku wale wale wenye shingo tupu, na mama alipokufa ndugu waligawana vyombo, Somoe akasema yeye anataka kuku. Aliniambia hayo mwenyewe, si kwa kunisimulia bali kwa kunionya: "Hawa ndio mama yangu aliyebaki. Usiwaguse." Mimi nami nilikuwa na C yangu ya Kilimo. Nilinunua matetea kumi huko Naliendele, weupe, safi, nikaamua kwamba banda litajengwa kama mwalimu alivyochora ubaoni. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hivi: mwenye banda ndiye mwenye ua, na mwenye ua ndiye mwenye nyumba wakati Hamisi hayupo. Hakuna aliyelitamka hilo. Tulizungumza sakafu.

"Sakafu ya saruji," nilisema. "Inafagilika, inaoshwa, unamwaga maranda juu, ugonjwa haupati pa kukaa."

"Kuku wangu hawalali kwenye saruji. Ina baridi, na mvua ikinyesha inatoa jasho," Somoe akasema. "Kwetu kuku analala juu, kwenye fito. Kinyesi kinaanguka chini, asubuhi unazoa, unapeleka kwenye mihogo. Miguu ya banda unaisimamisha kwenye makopo ya oili chafu, mdudu hapandi."

"Kwenu wapi, wifi? Kule porini?"

"Kwetu ambako mtoto akipelekwa shule anarudi na cheti. Harudi na mdomo."

Fundi tuliyemleta alikuwa mzee Litunu, Mmakonde wa Magomeni, mtu mpole mwenye penseli sikioni, ambaye mlango aliuita nnango na msumari nsumari. Kwake herufi ile ya n ilikuwa ya bure, aliitia popote ulimi ulipotaka. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akatusikiliza tukigombana mpaka akamaliza ming'oko yote, vile viazi vya porini, aliyochemshiwa. Ya sakafu aliyamaliza kwa kugawa: nusu ya banda atamwaga zege, nusu atainua kwa nguzo na kutandika fito, katikati ataweka wavu. "Sasa nnango mnataka uangalie wapi, mama zangu?" akauliza.

"Jikoni," akasema Somoe.

"Chumbani kwangu," nikasema mimi, na tulisema kwa pamoja.

Mzee Litunu akaangua kicheko. "Basi tuweke miwili. Majogoo waingilie huku, matetea waingilie kule, kama nsikitini." Alitutazama akisubiri tucheke. Hatukucheka.

"Weka," Somoe akasema.

"Mama, nilikuwa natania."

"Wewe weka."

Akaweka. Sijawahi kuona tena, katika miji yote niliyopita, banda la kuku kumi na saba lenye milango miwili. Wa Somoe ulikuwa wa mabanzi mepesi, ulitazama ukuta wa jiko, hatua sita tu, ulifungukia nje na ulifungwa kwa komeo la mti. Wangu ulikuwa ule mzito wa mkongo, ulitazama chumba changu, na nilisisitiza ufungukie ndani ili bawaba zijifiche na mwizi asipate pa kuzing'olea. Mzee Litunu alijikuna kichwa. "Nnango wa kuku kufungukia ndani?" Nikamwambia mimi ndiye niliyesoma. Nikanunua na kufuli. Kesho yake Somoe naye akanunua kufuli, kubwa kuliko langu, akalitundika kwenye komeo lake la mti ambalo mtoto mdogo angelivunja kwa mkono.

Tukaishi hivyo. Kuku walichanganyika mchana kutwa wakichakura pamoja, jioni kila mmoja akawa anawaswaga wa kwake. Kulikuwa na kitu ambacho sikukielewa, na nilikichukia kwa kuwa sikukielewa: jua likizama tu, Somoe alibadilika. Mwanamke aliyekuwa akitembea mchana kama anamiliki mtaa alianza kutembea polepole, kiganja kikiburuzika kwenye ukuta wa jiko, kutoka mlangoni mwa jiko mpaka kwenye banda lake. Nilidhani ni maringo. "Wifi, unapapasa ukuta kama umefukia hirizi," nilimwambia siku moja, akanipita akiendelea kupapasa. Mara mbili aliipiga teke ndoo yangu ya maji, ikamwagika yote.

"Hilo ni macho au ni makusudi?" nikamuuliza mara ya pili.

Alisimama kidogo, uso ameuelekeza pembeni mwa mahali nilipokuwa. "Makusudi," akasema.

Vita vilikolea pale tetea mmoja wa Kitaya alipozoea kutagia upande wangu. Mimi nilisema yai ni la mwenye sakafu, yeye akasema yai ni la mwenye kuku, na kwa siku tatu hatukusalimiana, tukawa tunapitana uani kama magari kwenye daraja jembamba. Nikamwandikia Hamisi barua ya kurasa mbili, yenye aya na vichwa vya habari. Somoe hakuandika. Aliishia darasa la nne, na kalamu aliishika kama anashika mwiko. Ila dereva mwenzake Hamisi alipopita kuchukua nguo zake, nilimwona Somoe akimsindikiza mpaka nje, akinong'ona naye kwa muda mrefu. Nikajua amenishitaki.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, mchana, na dereva huyo huyo. Somoe alikuwa amekwenda kununua samaki. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino mweusi: salamu mbili tatu, halafu mstari mmoja. "Kuku afunge Zuhura. Sitaki kusikia tena habari za banda." Niliusoma mara tatu. Afunge. Kurasa mbili nilizoandika, na kaka yangu wa damu ananijibu kwamba kazi yangu ni kufunga mlango jioni, kama mtumishi. Nilikaa kwenye kitanda changu cha salfa mpaka macho yangu yakayazoea yale maneno, na hapo ndipo nilipoona kwamba n ile ilikuwa imesimama peke yake, haijashikana na jirani zake. Ikiondoka, inabaki afuge. Kuku afuge Zuhura. Shuleni tulijua kufuta kosa kwa wembe: unakwaruza taratibu kwa ncha, unapuliza vumbi, unasugua kwa ukucha. Ni moja ya mambo machache niliyotoka nayo sekondari. Nilichukua wembe wa Somoe mwenyewe, ule wa kukatia ukindu wa mikeka yake, nikaiondoa n. Kisha kwa kalamu yangu nyeusi nikavuta mkia mdogo kuunganisha u na g.

Aliporudi nilimsomea nikiwa nimesimama. Aliweka kikapu cha samaki chini, akaichukua karatasi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Aliigeuza upande huu na upande huu. "Hamisi kaandika hivi?" akauliza.

"Mwandiko wa mumeo huujui?"

Aliendelea kuitazama muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji. Kisha akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Haya," akasema. "Fuga, wifi." Akaenda kwenye mlango wake, akafungua kufuli lake kubwa, akawatoa wale kuku saba wa mama yake mmoja mmoja, akawaingiza kwangu. Hakutazama nyuma. Akarudi jikoni, akapara samaki, akapika mchuzi wa nazi, na ulipoiva akanipakulia mimi kwanza, vipande vizuri vya tumbo, kama anavyopakuliwa mgeni. Nimekula vyakula vingi kwa watu walionichukia. Hakuna kilichonikwama kama kile.

Kesho yake niliupigilia misumari mlango wake, nikajaza upande wake magunia ya pumba. Alikuwa jikoni, akihesabu labda kila pigo. "Pigilia vizuri," akasema kutoka ndani. Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ambayo sasa naisikia tofauti: "Ule wako unafungukia ndani, wifi. Kuku hajui kurudi nyuma."

"Na mwizi hajui kung'oa bawaba asizoziona," nikamjibu.

Mvua za masika zilipofika katikati, ardhi ilijaa maji na siafu wakahama mashimo yao. Ilikuwa alfajiri, mwadhini ameshamaliza, tulipowasikia kuku. Hawakuwa wakilia kama wanavyolia kwa kicheche. Ilikuwa kelele moja nzito isiyopumua. Nilipofika na taa na kuchungulia kwenye nyufa za mabanzi, sakafu yangu ya saruji, ile inayofagilika, ilikuwa nyeusi na inatembea. Nilifungua kufuli nikasukuma. Mlango haukwenda. Mkongo ulikuwa umevimba kwa mvua, na kuku wote kumi na saba walikuwa wamekimbilia huko huko mlangoni, wamelaliana nyuma yake. Nilisukuma kwa bega. Nilisikia ninachosukuma.

Somoe alitoka jikoni akiburuza jembe, kiganja cha mkono mwingine ukutani, akaja moja kwa moja kwenye mlango wake niliopigilia. Hakuniomba taa. Aliung'oa kwa mapigo manne, akaparamia magunia ya pumba, akauchana wavu wa katikati kwa mikono na kuanza kuwarusha nje aliowafikia. Siafu walimpanda miguu, mikono, wakamwingia kwenye nywele. Mimi nilisimama na taa yangu. Waliopona walikuwa watatu, na ni mmoja tu aliyekuwa wa Kitaya, tetea mwenye jicho moja. Kulipopambazuka tulikaa kwenye kizingiti cha jiko, akijichomoa siafu mmoja mmoja kwenye vifundo vya miguu, vichwa vyao vikibaki kwenye ngozi. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu, bila kunitazama: "Sasa wewe, wifi, umefuga?"

Hamisi alipokuja aliambiwa siafu walikula kuku. Basi. Somoe hakuongeza neno, na kunyamaza kwake kulikuwa kukali kuliko kunisema, kwa kuwa kulinifanya nikae kwenye nyumba ile nikisubiri. Mwezi uliofuata nilipanda gari la Tunduru na mabegi yangu mawili. Nimekuwa nikipanda magari tangu siku hiyo. Nyumba yoyote ninayopanga, jambo la kwanza ninalolitazama ni mlango unafungukia wapi.

Sasa Hamisi alikuwa amenisimamia na futikamba yake, anasubiri. Nilipochelewa kujibu alikwenda ndani akarudi na kopo la biskuti. "Marehemu alikuwa anatunza bawaba za zamani humu," akasema. "Tuone kama zinafaa." Akamimina kopo kwenye mkeka: misumari iliyonyooshwa, lile kufuli kubwa, na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa uzi wa ukindu. Nilikifungua mimi. Ndani mlikuwa na bawaba mbili za mlango wake wa mabanzi, na karatasi iliyozifunga ilikuwa ya daftari, wino mweusi uliopauka.

Pale nilipokwaruza, karatasi ilikuwa nyembamba, mwanga ulipita. Na katikati ya wembamba huo, kwa kalamu ya bluu, kwa mkandamizo wa mtu anayeshika kalamu kama mwiko, kulikuwa na n. Kubwa, imeinama, imerudishwa mahali pake.

"Kaka," nikasema, "barua hii uliiandika kwa nini?"

Aliichukua, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake. "Aa. Hii ya mwaka ule wa Tunduru. Si alinituma mwenyewe? Alimwambia dereva mwenzangu, niandike kwamba wewe uwe unafunga kuku magharibi. Somoe giza likianza kuingia alikuwa haoni kitu, tangu utotoni. Alikuwa anapapasa ukuta wa jiko ndipo afike. Akasema hawezi kukuomba, utamcheka." Akanirudishia karatasi. "Kwani hakukwambia?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, wembe, mkia wa kalamu, misumari, mlango uliofungukia ndani. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Alisikiliza akiikunja na kuikunjua futikamba, na nilipomaliza alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, na sitarajii yaondoke leo wala kesho. Sisemi kwamba Somoe alinisamehe. Hakuwa mtu wa kusamehe, na n ile aliiandika kwa nguvu mno kuwa msamaha. Aliomba mkono wa kumsaidia gizani, nikamletea barua ya kumnyang'anya mama yake, akaijua, akanipakulia samaki.

"Basi sema," Hamisi akasema mwishowe, sauti kavu. "Sakafu nini?"

"Fito. Juu ya nguzo. Miguu uisimamishe kwenye makopo ya oili."

"Mlango?"

"Mmoja tu. Uangalie jikoni. Ufungukie nje." Nikamkabidhi zile bawaba.

Alizipima uzito kiganjani. Nyuma yake, kuku watano wenye shingo tupu walikuwa wakichakura kwenye majivu ya moto wa matanga. "Mimi narudi kazini Jumatatu," akasema. "Nani atakuwa hapa jioni?"

Mabegi yangu yalikuwa bado hayajafunguliwa, nayaona kupitia mlango wa chumba cha uani.

"Nitafunga mimi," nikasema, na nikaitamka ile n yote.